Ngao za Shaba Badala ya Dhahabu

Somo: 1 Wafalme 14:25-28, 2 Mambo ya Nyakati 12:1-12



Tunawasalimu ninyi nyote wa Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na wagonjwa na wazee wanaosomewa karatasi hii nyumbani. Jumapili ile mvua ilipopiga mabati, waliokaa nyuma hawakusikia mahubiri, na mama zetu kadhaa wametuomba tuyaandike. Tumeyaandika, tukaongeza na maneno ambayo siku ile tuliyaacha kwa sababu ya muda. Tafadhali mwe na Biblia karibu.

Mfalme Sulemani alikuwa ametengeneza ngao kubwa 200 na ngao ndogo 300, zote za dhahabu iliyofuliwa (1 Wafalme 10:16-17). Ngao kubwa moja ilichukua shekeli 600, ambazo kwa vipimo vyetu ni karibu kilo 7. Pigeni hesabu wenyewe: zile kubwa peke yake zilipita tani moja. Hazikuwa ngao za vita, maana dhahabu ni laini na mkuki ungeipenya. Zilikuwa heshima ya ufalme. Ziliwekwa katika Nyumba ya Mwitu wa Lebanoni, ambayo haikuwa Lebanoni bali Yerusalemu. Iliitwa hivyo kwa ajili ya nguzo zake za mierezi.

Sulemani akafa, mwanawe Rehoboamu akatawala, na ufalme ukagawanyika mikononi mwake. Katika mwaka wa tano wa kutawala kwake, Shishaki mfalme wa Misri akapanda juu ya Yerusalemu. Wataalamu wengi wanamtambua kuwa ni Farao Shoshenq wa Kwanza, na ukutani mwa hekalu la Karnak huko Misri ipo mpaka leo orodha ya miji aliyojivunia kuishinda. Shishaki alibeba hazina za nyumba ya Bwana na hazina za nyumba ya mfalme, na katika mali yote hiyo mwandishi anataja kwa jina kitu kimoja tu: zile ngao za dhahabu. Sura hii sisi hatuhitaji kamusi ili tuielewe. Tunajua maana ya wenye silaha kuingia mchana, na jioni mtu akahesabu kilichobaki.

Rehoboamu akafanya nini? Akatengeneza ngao za shaba badala ya zile za dhahabu, akawakabidhi wakuu wa walinzi wa mlango wake. Kila mara mfalme alipokwenda nyumbani mwa Bwana, walinzi walizibeba. Ibada ikiisha, walizirudisha chumbani mwao. Mfalme yule yule, njia ile ile, maandamano yale yale. Na shaba ikisuguliwa vizuri asubuhi, mtu aliyesimama mbali haoni tofauti.

Hapa wahubiri wengi hukimbilia kumlaumu Rehoboamu. Sisi tungekwenda polepole. Biblia haisemi kwamba alitenda dhambi kwa kufua ngao za shaba. Dhambi ilikuwa ya mbele zaidi, kuiacha sheria ya Bwana, na nabii Shemaya alipowaambia hivyo, mfalme na wakuu wake walijinyenyekeza, na Mungu akawapunguzia hasira yake (2 Nyakati 12:5-8). Mtu aliyenyang'anywa dhahabu atumie nini kama si shaba? Ufalme uliobaki ulihitaji ngao.

Tena Mungu mwenyewe ameweka vitu vya badala katika Torati yake. Mwanamke aliyejifungua alipaswa kuleta mwana-kondoo, lakini kama mkono wake haukufika, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa (Walawi 12:8). Mwenye dhambi asiyeweza hata hao ndege wawili, alete unga kidogo (Walawi 5:11). Mungu hakumwambia maskini akakope kondoo kwa jirani. Na mnajua ni nani waliopanda Yerusalemu na sadaka ya ndege: ni Yusufu na Mariamu (Luka 2:24). Hawakuwa na fedha ya mwana-kondoo, na huku wamembeba mikononi Mwana-Kondoo wa Mungu. Luka hakuona haya kuliandika jambo hilo. Njiwa aliletwa akaitwa njiwa. Hakuna aliyemvika ngozi ya kondoo ili majirani wasijue.

Kwa hiyo tunaanza na neno la faraja, hasa kwa mama zetu. Tangu mwaka 2023, msaada wa chakula hapa Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi, wengine wakipata zaidi, wengine kidogo, wengine wakiondolewa kabisa, kila jiko limejifunza kubadilisha. Aliyezoea mawese anatumia mafuta meupe ya dukani, na asipoyapata anachemsha kwa maji na chumvi. Aliyekulia kando ya Tanganyika akila ndakala, leo anapika mukene wa Ziwa Victoria, na ukimuuliza atakwambia si ladha moja. Aliyezoea bugali wa muhogo anasonga unga wa mahindi, ambao wenyeji wetu wanauita posho. Tumesikia baba fulani akisukuma sahani na kusema hiki si chakula cha watu. Baba, hicho ndicho njiwa wawili wa mke wako. Amekileta mbele zako kwa jasho. Usikidharau.

Tumesikia pia watu wakimsengenya mama aliyeuza sehemu ya mahindi yake ili anunue unga wa muhogo kidogo, kwamba anapenda anasa. Mwacheni. Kuna wiki ambayo roho ya mtu inahitaji kuonja kwao.

Sasa tuje kwenye vikwembe, maana hapo wanawake wa Kivu wana elimu ambayo chuo cha Biblia hakikutupa. Walitufundisha wenyewe. Waksi ya kweli, kama ile ya Vlisco, kampuni iliyoanzishwa katika mji wa Helmond huko Uholanzi mwaka 1846, rangi yake inaingia pande zote mbili, hata ukigeuza kitambaa hujui mbele ni wapi. Ile ya bei rahisi imechapwa upande mmoja tu. Ukiigeuza unaona imepauka. Siku hizi waigaji wamekuwa wajanja, wanaiga hata yale maandishi ya ukingoni yanayothibitisha kwamba ni waksi halisi. Mama mwenye uzoefu hasomi maandishi. Anakunja pembe ya kitambaa na kutazama nyuma.

Hatusemi mtu asinunue kile cha kawaida. Wengi wetu ndicho tunachokiweza, na bibi arusi atapendeza nacho. Tunachokataza ni namna mbili za kujidanganya. Ya kwanza ni ya baba anayekopa katika kikundi cha akiba fedha yote ya mwaka, fedha ya karo na ya mbegu, ili siku ya kutoa mali wakwe waone waksi. Ya pili ni ya yule anayenunua kile cha kawaida, akakikunja uso ukiwa nje, akakipeleka kwa majigambo kama waksi. Siku mama mkwe atakapokifua, ndoa itaanza na kicheko cha dharau. Mbona isingesemwa mapema: wakwe zetu, tungependa kuleta waksi, mkono haukufika, pokeeni hiki? Tumehudhuria posa ambako maneno hayo yalisemwa, na wazee wa upande wa pili wakanyamaza kidogo, halafu wakapiga makofi, maana nao walikuwa wakimbizi.

Kuna na vitu ambavyo shaba yake inakula fedha kuliko dhahabu. Kandambili zinazokatika kila baada ya miezi mitatu, tochi inayokufa kabla ya betri zake, jembe linalopinda katika udongo wa kwanza. Hapo heri kusubiri, familia ikaweka kidogo kidogo, ikanunua kitu kimoja kizuri. Lakini tunajua kusubiri nako ni mali ya mwenye akiba. Asiye na kitu hununua cha leo kwa fedha ya leo. Hatumhukumu.

Turudi Yerusalemu. Rehoboamu alitawala miaka 17. Shishaki alikuja mwaka wa tano. Basi kwa miaka kama 12 hivi maandamano yalikuwa ya shaba. Mfikirie mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Shishaki. Amekua akisimama kando ya njia na mama yake, akaona walinzi wakipita. Ana miaka kumi na kitu sasa. Kwake yeye ngao za nyumba ya Daudi ndizo hizi. Hajawahi kuona nyingine. Kama mama yake hakumwambia kitu, atakuwa mtu mzima, naye atawaonyesha watoto wake shaba na kuwaambia, tazameni utukufu wa Sulemani.

Wapendwa, watoto wetu wengi wamezaliwa hapa Nakivale. Wengine wamezaa tayari. Wanachokijua ndicho wanachokiona kwetu. Kula mukene badala ya ndakala hakutawaharibu. Lakini vipo vitu vingine ambavyo sisi wazazi tumevibadilisha kwa bei rahisi, hatukuwaambia watoto kwamba tumebadilisha, nao wanadhani ndivyo vilivyo.

Mfano ni ndoa. Vijana wanaingiana tu, kwa sababu mali ni ghali na arusi ni ghali. Tunaelewa ughali huo, na ndiyo maana kanisa limekubali kufungisha ndoa siku ya kawaida, bila karamu, kwa chai na mandazi. Karamu ndogo ni njiwa wawili. Kukosa kiapo mbele za Mungu na mashahidi ni jambo lingine kabisa, na binti anayeachwa na mtoto mgongoni anaijua tofauti hiyo kuliko mhubiri.

Mfano mwingine ni neno la Mungu lenyewe. Katika siku zile zile za Rehoboamu, jirani yake Yeroboamu aliona watu wake wakienda mbali kuabudu Yerusalemu, akaogopa mioyo yao isimrudie. Akawarahisishia. Akaweka ndama mmoja Betheli na mwingine Dani, karibu na watu, akawaambia kwamba Yerusalemu ni safari ndefu mno kwao (1 Wafalme 12:26-30). Angalieni ajabu hii: wale ndama walikuwa wa dhahabu! Ngao zilikuwa za shaba na hazikumpoteza mtu. Ndama walikuwa wa dhahabu na walipoteza taifa. Basi tusidhani kwamba bei ya kitu ndiyo inayokifanya kuwa cha kweli.

Wapo hata sasa wanaowarahisishia watu. Tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025, familia ambazo zilikuwa zimefika hatua ya vipimo vya afya zilibaki na mabegi yamefungwa. Uchungu huo tumeulia pamoja. Lakini katika uchungu huo ameingia mtu na chupa ya mafuta ya upako, kwa shilingi kadhaa, akiahidi kwamba jina litatokea ubaoni. Mwingine anakuja bila Biblia, anasema anamjua mtu ofisini. Sikilizeni: UNHCR haiuzi nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, huduma hiyo haina malipo hata senti moja, na anayedai fedha ni mwizi. Na yule wa mafuta anauza sala ambayo mjane anaweza kuisali bure akiwa jikoni mwake. Kungoja kwa imani ni kugumu. Kununua chupa ni kwepesi. Hilo ndilo lote tutakalosema juu yao leo.

Tumefika mahali ambapo siku ile ya mvua hatukufika, na kwa kweli ndipo tulipotaka kufika. Ni amani yetu humu kanisani.

Hatutataja makabila wala vijiji. Mnavijua. Humu ndani wamo watu waliokimbia kutoka milima ile ile, na mmoja alimkimbia ndugu wa mwingine. Yupo mzee ambaye ng'ombe wake walichukuliwa, na nyuma yake benchi la tatu ameketi mjomba wa waliowachukua. Wapo wajane wawili ambao, kama wangekaa chini na kusimuliana tarehe, wangegundua kwamba waume zao walikufa katika wiki moja, kila mmoja kwa mkono wa upande wa mwenzake. Na bado tunaimba pamoja. Wageni wanaotutembelea wanashangaa, wanapiga picha, wanasema kanisa hili ni mfano wa upatanisho.

Ni neema kubwa kwamba tunaimba pamoja, hatuidharau. Lakini tukunje pembe ya kitambaa tutazame nyuma. Tunasalimiana Bwana asifiwe mlangoni, na hakuna anayejua nyumba ya mwenzake ina milango mingapi. Mabenchi ya kushoto yana lugha moja, ya kulia lugha nyingine, na hakuna aliyepanga hivyo, imekuwa tu. Mtoto wa huku akileta mchumba wa kule, ndipo mazungumzo ya usiku yanaanza. Na kilio kikitokea upande mmoja, upande wa pili wanatuma bahasha ya rambirambi mkononi mwa mtoto wa miaka tisa. Mtoto anafika, anainama, anaitoa bahasha kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, anarudi mbio. Fedha imefika. Waliopaswa kufika hawakufika.

Hiyo ndiyo ngao yetu ya shaba. Inang'aa Jumapili, kisha inarudishwa chumbani mwa walinzi mpaka Jumapili nyingine.

Mtasema, mchungaji, amani ya namna hiyo si bora kuliko panga? Ni bora, mara mia. Kwa miaka ya kwanza pengine hatukuwa na uwezo wa zaidi. Mtu ambaye jeraha lake bado linatoka damu, salamu ya mlangoni ndiyo njiwa wake wawili, na Mungu ameipokea. Hatumlazimishi mtu akumbatie kabla ya wakati wake. Tunachouliza ni kwa walio hapa miaka kumi, kumi na tano. Je, bado mkono haufiki? Au tumezoea bei hii?

Daudi alipotaka kujenga madhabahu katika uwanja wa Arauna, mwenye uwanja alimpa vyote bure, ng'ombe na kuni na mahali penyewe. Daudi akakataa. Alisema hawezi kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:18-25). Alikuwa na njia ya bure, akachagua ya kulipa. Na Bwana wetu alisema kwamba ukikumbuka, sadaka iko mkononi, kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo mbele ya madhabahu uende kwanza (Mathayo 5:23-24). Asema uende, kwa miguu yako.

Yule mtoto wa bahasha anaona kila kitu. Ameshajifunza kwamba kwa watu wa kule tunapeleka fedha na hatukai. Hakuna aliyemhubiria, ameona tu. Akikua, akirudi siku moja Kongo, ataipeleka shaba hii kule ambako damu ilimwagika, na ataiita amani, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha nyingine.

Kwa hiyo wazee wa kanisa walikaa na sisi, na tumekubaliana haya. Kuanzia mwezi ujao, kilio kikitokea katika familia yoyote ya kanisa, rambirambi haitapelekwa na mtoto. Itapelekwa na watu wazima wawili, mmoja kutoka mabenchi ya kushoto na mmoja kutoka ya kulia, nao watakaa mpaka chai imalizike. Asiyeweza bado, kwa sababu ya jeraha lake, aje atuambie kwa siri. Hatutamuuliza sababu wala hatutalitaja jina lake. Mama zetu wa idara ya wanawake wameomba kwamba atakayekwenda aende na mwanawe, akae naye mkekani. Tumekubali.

Zamu ya kwanza tutaichukua sisi wachungaji na wake zetu. Orodha ya zamu zinazofuata iko kwa katibu wa kanisa, na mpaka tunapoandika haya kuna majina kumi na moja. Upande wa kulia wako saba, upande wa kushoto wanne.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nanyi nyote.

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji